Dakika Tatu Kabla ya Bomba

Ndugu zangu wa jumuiya, nitaeleza kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitaanza kujitetea.

Nyie mnanijua kama nesi wa usingizi, yule anayelaza watu kabla ya kupasuliwa. Kazi nilijifunza kwa mzee aliyenitangulia, na mengine kwa vitabu nilivyosoma mwenyewe hapa Majengo. Sifa yangu ilikuwa wepesi. Mgonjwa akishalala, bomba la kupumulia linapita kooni mara moja.

Kisha akaja dada mmoja kutoka chuoni, nesi wa usingizi kama mimi, umri wa binti yangu. Kabla ya bomba alichoma dawa moja zaidi, halafu akatazama saa ya ukutani dakika tatu nzima. Nikamuuliza mbele ya watu kama anasubiri basi la Tabora. Wakacheka. Akajibu kwa upole: "Baba, mtu amelala, lakini mwili bado unasikia bomba. Moyo unashtuka, presha inapanda. Dawa hii inautuliza."

Madaktari wakaanza kuuliza zamu yake ni lini. Nawaambia ukweli, nikisikia anasifiwa, wivu ulinishika.

Nikanunua daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika presha za wagonjwa wake, kabla na baada ya bomba. Wa kulia, za wangu. Nilitaka kumwonyesha mkuu wetu kwamba yule dada anapoteza muda na dawa. Nilijaza miezi mitatu bila kuruka mgonjwa. Siku ya kusoma, za kushoto zilikuwa zimetulia. Za kulia zilipanda karibu kila mstari. Ya mama mmoja wa Kasokola, mwenye ugonjwa wa presha, ilikawia kushuka mpaka daktari akasimama na kisu mkononi, akingoja. Mama alipona, ila si kwa ujuzi wangu.

Nikaficha daftari chini ya godoro, nikaendelea vilevile. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Mwanzo sikujua. Sasa nilijua.

Baadaye mfuko wangu wa nyongo ukajaa vijiwe, ikabidi nipasuliwe, na mimi mwenyewe nina presha. Wa kunilaza hapa alikuwa mmoja tu, yule dada. Nikasema nitaenda Mbeya, afadhali nife njiani kuliko kulala mbele yake. Mke wangu akaleta daftari, kumbe alishaliona akitandika, akaliweka mapajani mwangu.

"Baba watoto, mimi mambo ya presha siyajui. Lakini za kushoto hazirukiruki. Mbeya unafuata nini?"

Nikampelekea yule dada daftari. Alisoma lote akiwa amesimama. Nilitegemea maneno makali. Akauliza tu, "Huyu mama wa Kasokola anaendeleaje?" Sikuwahi kuuliza.

Siku yangu ilipofika, kitu cha mwisho nilichokiona ni yeye akitazama saa.

Nilipopona nilienda Kasokola kumwomba yule mama msamaha. Alinisikiliza, akanipa mihogo. Namshukuru yeye, mke wangu, na yule dada aliyenifundisha upya, dawa ile na kungoja, bila kunicheka.

Sitawadanganya kwamba wivu umeisha. Juzi daktari alimsifu tena, nikausikia unapanda. Nikatazama saa ya ukutani, nikangoja dakika tatu, ndipo nikafungua mdomo. Nikasema, "Kweli, daktari. Hata mimi, yeye ndiye aliyenilaza." Nanyi jaribuni kungoja hivyo.