Koti Lenye Bata Kiwikoni

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, umeegemea kibanda cha fundi viatu, pale kwenye kona zinapokutana njia ya sokoni na njia ya shule. Juu yake ukutani kuna msumari mkubwa wa kutundikia. Mimi naketi upande wa kivuli na birika langu na vikombe vyangu, nauza kahawa na kusikiliza. Miguu imegoma, lakini masikio, namshukuru Mungu, bado ni ya msichana. Asubuhi ninayowasimulia, wanaume wanne walikuwa wamebanana pale kama vifaranga vilivyonyeshewa, na katikati yao alikuwa Gundi, fundi viatu mwenyewe, macho mekundu, shati limekunjamana. Mkewe alikuwa amemfungia mlango. Na chanzo chake ni mwanamke ambaye Gundi hajawahi kumwona ila kwenye simu za watu.

Mwanamke huyo tunamwita Bi Miwani, maana tangu ajulikane alikuwa hajaonekana bila miwani myeusi. Kazi yake hatuijui. Shughuli yake ni hiyo hiyo ya kujulikana. Mwaka jana alisherehekea siku ya kuzaliwa mara mbili, na ya pili akawa mdogo kuliko ya kwanza. Akatuonyesha jumba lake jipya, kumbe nyuma yake mwenye jumba katokea na taulo, anauliza hawa ni akina nani. Kila akifanya jambo, nchi nzima inagombana, na kona yetu inagombana kuliko nchi.

Sasa ikatoka picha nyingine. Bi Miwani kaketi kwenye benchi alfajiri, viatu mkononi, miwani kaivua, machozi yanamtiririka, na mabegani kajifunika koti la kiume. Benchi ni letu. Tofali lililopasuka tunalijua. Na koti ni la Gundi. Lina kiraka kiwikoni, kitambaa cha bluu chenye bata wa njano, mkewe alikikata kwenye pazia la chumbani kwao. Bi Miwani aliondoka nalo. Watu wote wakawa wanaulizana: mwenye koti ni nani?

Mke wa Gundi hakuhitaji kuuliza. Alimjua bata wake. Hata hivyo siku ya kwanza alinyamaza, na ya pili akanyamaza. Jana ndipo akafunga mlango, na leo akamtuma jirani na ujumbe: akija na neno moja lililonyooka, mlango uko wazi, akija na hadithi, akalale na viatu vyake.

— Neno moja hilo tutalipata, — alisema Shahidi. — Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tulitafute upesi.

Shahidi alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na hakuna jambo lililowahi kutokea duniani ambalo yeye hakuwepo.

— Neno lipo, — alisema Gundi kwa sauti ndogo. — Nilitundika koti hapo msumarini, jua likawaka, nikaenda nyumbani bila koti. Nililisahau.

— Halafu?

— Basi.

— Kaka, hiyo haitoki! — alidakia Breki. Huyu anaendesha pikipiki, lakini jina hatukumpa kwa ajili ya pikipiki. Ni mdomo wake ndio hauna breki. — Nchi nzima imeliona koti, halafu wewe uende na "nililisahau"? Hata mimi siamini, na mimi nilikuona kwa macho yangu ukiondoka bila koti!

— Ukweli mfupi unafanana sana na uongo, — alisema Kinyozi, ambaye husema polepole kama anayezunguka sikio la mteja. — Unahitaji nyama.

Mama mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema uongo ukipikwa na watu wengi hauivi, unaungua. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nikawamiminia.

— Mimi naona hivi, — Breki akaanza. — Bi Miwani kagombana na yule mchumba wake wa magari. Kashuka garini kwa hasira, kavua viatu, katembea. Kafika hapa, baridi kali. Kaliona koti. Gundi, wewe umemwokoa mtu na kifo!

— Mimi nilikuwa nimelala.

— Umemwokoa ukiwa umelala! Wangapi wanaweza?

— Hapana, hapana, — alisema Kinyozi. — Yule anatafuta kiki tu. Wapambe wake wametafuta benchi mtaa kwa mtaa. Na koti wamelichagua kwa sababu ya bata. Si wanasema kila siku anakula bata kwa starehe zake? Basi leo bata mwenyewe huyo, kiwikoni.

— Ninyi mnabahatisha, — alisema Shahidi. — Mimi nilikuwepo.

— Ulikuwepo wapi?

— Nilikuwa natoka msalani, nikakisikia kilio.

— Mzee, msala wako uko mtaa wa pili!

— Kilio cha tajiri kinafika mbali, bwana mdogo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Wakiwa katikati ya debe, wakaja wasichana wawili, viatu mkononi. Viatu vyenyewe vizima kabisa, havina hata mkwaruzo. Nikatazama viwiko vyao: kila mmoja kashona bata wa njano.

— Samahani, — mmoja akamwambia Gundi, huku mwenzake anamkanyaga mguu kwa aibu. — Eti ni wewe?

Gundi hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alitazama pembeni, akatabasamu, akanyoosha kola ya lile shati lililokunjamana. Wasichana wakapiga kelele, wakakimbia, na viatu vyao vizima wakaviacha.

Nami ile kola nikaiona. Marehemu mume wangu aliinyoosha yake vivyo hivyo siku mke wa bosi wake aliposifu mwendo wake. Wiki nzima alitembea nyumbani kama anayekagua gwaride. Nikamwambia:

— Gundi mwanangu, neno lako la kwanza lilikuwa zuri. Nenda nalo.

— Bibi, nitakwenda, — akajibu. Lakini hakuinuka.

Simu ya Breki ikalia mlio wa habari. Akasoma, akasoma tena, akamtazama Gundi kama anayemwona kwa mara ya mwisho.

— Oya. Bi Miwani kasema.

— Kasema nini? — Gundi akaruka.

— Kasema, nanukuu: "Acheni kunisema. Koti hili ni la marehemu baba yangu. Ninapolivaa nasikia harufu yake."

Shahidi akavua kofia.

— Kwa hiyo Gundi ni marehemu.

— Pole sana na msiba wako, kaka, — alisema Breki, akampa mkono.

— Harufu ya gundi ya viatu ndiyo harufu ya babake? — aliuliza Kinyozi. — Babake alikuwa soli?

— Ngojeni! — Shahidi akainuka, kidole juu. — Ngojeni, neno limepatikana. Gundi ni babake kweli!

— Mimi na yule tunalingana umri!

— Leo mnalingana. Yule si anapungua kila mwaka? Mwaka kesho kutwa atakuwa binti yako bila taabu. Damu nzito kuliko maji, ndiyo maana alilia machozi.

Mimi nimeishi miaka mingi, na nimesikia wanaume wengi wakitunga, lakini sijasikia kama yale. Wakalipinda neno lao huku, wakalinyoosha kule, na mwisho Shahidi akalisimamisha wima mbele ya Gundi kama hakimu anayesoma hukumu:

— Ukifika mlangoni, sema hivi, wala usitetemeke: "Mke wangu, yule ni binti yangu, na mimi nimekufa."

— Nani kafa?

Sauti ilitoka nyuma ya kibanda. Tulipogeuka, alikuwa mke wa Gundi. Yeye ni mpishi wa shule, na alikuja na aproni yake ya kazini na mwiko wake wa kazini, mrefu kama kasia. Tangu benchi lile liwekwe hakuwahi kulikaribia. Husema benchi la wanaume ni kama sufuria isiyo na mfuniko, kila kinachopita kinaingia.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kahawa?

— Baadaye.

— Shemeji, — Shahidi akaanza, — mimi nilikuwepo...

— Shahidi, wewe ulikuwepo hata harusini kwangu, na hukualikwa. Keti.

Shahidi akaketi. Yule mama akasimama mbele ya benchi, akawatazama mmoja mmoja, mwiko begani.

— Nina swali moja tu. Siku zote hizi mnakaa hapa mnapika. Niambieni. Yule dada, na magari yake, na wapambe wake, na miwani yake: yupo kati yenu anayeamini kwamba anaweza kumtaka mume wangu?

Breki akafungua mdomo. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, breki zikashika. Kinyozi akachomoa kitana mfukoni, akakihesabu meno. Maana swali lilikuwa dogo, lakini halikuwa na pa kupita. Wakisema ndiyo, rafiki yao atalala na viatu mpaka mvi. Wakisema hapana, wamemwambia mbele ya mkewe kwamba hatamaniki. Na mbaya zaidi, Gundi mwenyewe alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, macho yamemtoka. Alitaka kweli kulisikia jibu.

— Bibi? — akaniuliza na mimi.

Nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Ikanimwagikia mguuni, nikajifanya sikuihisi.

— Basi nitajibu mwenyewe, — alisema mke wa Gundi. — Mimi nilimtaka. Tena kabla hajawa na koti. Nilikatikiwa na kiatu njiani, siku ya mvua, yeye akanivulia ndala zake, akaenda kwao pekupeku. Nikangoja azifuate. Wiki ikapita. Nikamfuata mwenyewe, namuuliza mbona hukuja? Akasema alisahau kwamba ana ndala.

— Hilo ni kweli, — alisema Gundi.

— Mtu huyu alimsahau mtoto kwa kinyozi!

— Kweli, shemeji, — alisema Kinyozi. — Nilimnyoa mara mbili, nikingoja.

— Anayemsahau mwanawe kwenye kiti cha kinyozi ndiye atakayekumbuka miadi ya alfajiri? Na huyo marehemu baba wa watu, alilala lini chumbani kwangu mpaka akapata pazia langu?

— Sasa shemeji, — Breki mdomo ukamfunguka tena, — kama yote unayajua, mlango ulimfungia wa nini?

Hapo akaushusha mwiko.

— Siku ya kwanza aliniambia alilisahau. Nikamwamini, nikampakulia. Jana akaja hapa kijana wa redio, akamuuliza, "Je, ni wewe?" Mimi niko jikoni, redio iko dirishani, wapishi wenzangu wote wametulia wasikie. Hakusema ndiye. Hakusema siye. Alicheka. — Akamtazama mumewe. — Kile kicheko ninakijua. Nilidhani ni changu peke yangu.

Pikipiki ikapita, ikapotea. Gundi akajifuta mikono kwenye suruali, ingawa siku hiyo hakuwa ameshika kiatu hata kimoja.

— Nililisahau, — akasema.

— Sema vizuri. Redioni ulisikika.

— Nililisahau koti msumarini, mke wangu. Yule simjui. Na kicheko... Nilifurahi kuulizwa. Miaka yote niliyokaa hapa watu wananiuliza kitu kimoja tu: viatu vitakuwa tayari lini.

Nikaona mdomo wa mkewe unacheza.

— Na vitakuwa tayari lini?

— Kesho.

— Mwongo wee!

Akacheka yeye kwanza, halafu Gundi, halafu benchi zima likatikisika mpaka tofali lililopasuka likapasuka zaidi. Na kicheko cha Gundi, mimi nilikisikia: kilikuwa kingine kabisa, cha ndani, hata kola hakuikumbuka.

— Haya, twende ukale, — alisema mkewe. — Pazia lina tundu, majirani wananichungulia. Utalishona wewe, na umtafute bata mwingine.

— Wahenga walisema, — alianza Shahidi, — wagombanao ndio...

— Shahidi!

— Nimenyamaza, shemeji.

Wakaondoka, mwanamke mbele na mwiko wake, mwanamume nyuma. Hata walipofika kona ya shule, Breki akanyoosha kidole ukutani bila kusema neno, na hilo peke yake lilikuwa la ajabu.

Msumarini kulikuwa na kofia ya Gundi.

Wote watatu waliitazama kama watu wanaomtazama nyoka. Kinyozi akasogea pembeni ya benchi. Shahidi akasema yeye leo hakuwepo, tena tuwe mashahidi. Nikawaambia kahawa imekwisha, waende kazini. Nikajiinua na magoti yangu haya, nikaitoa ile kofia msumarini, nikaivaa mwenyewe juu ya kitambaa changu.

— Bibi! — alisema Breki. — Ukipigwa picha je?

— Wanipige, — nikamwambia. — Na wakiuliza, mimi sitacheka.