Papa Evariste Hakurudi na Gari

Kwenye benchi la mtaa wa Kikula, mjini Likasi, mbele ya birika la Mama Eugénie muuza kahawa, wanaume watatu walikuwa wanakunywa kahawa na kumtafuta Papa Evariste kwa mdomo. Juzi walikwenda naye matembezi ya parokia, gari dogo limejaa hadi mlangoni, wakapanda milima yenye msitu mnene katika joto la Oktoba. Wakati wa kurudi walisimama mara mbili: kwenye kijito wanywe maji, halafu kilimani injini ipoe. Walipofika Likasi, mzee hakuwemo. Jana vijana wa parokia walimtafuta, wakarudi mikono mitupu.

Parfait wanamwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu hakosi utetezi.

— Ule muzee eko na bibi mwengine kule. Juu ya nini alivala viatu ya misa?

— Bibi gani, na magoti ile? Aliona kobalti. Sasa anachimba ye peke yake. Atarudia na jeep, hatatusalimia.

Huyo ni Théodore, Docta wa kijiwe, aliyewahi kubeba maboksi ya duka la dawa.

— Kobalti hapana, akasema Avoka, akiiacha hadithi yake ya mke wa pili bila haya. Pori njo ilimukamata. Kule banakuita jina, unaitika, unapotea. Na weye, Ghislain?

— Minye nilikuwa nalala.

Uongo mtupu. Wakati wa kwenda, na wa kurudi hadi kijitoni, Ghislain alibanwa na mzee, bega lenye jasho juu ya bega lake, kikohozi sikioni. Baada ya kijito kiti cha mzee kilikuwa wazi. Alikiona. Akajiambia mzee yuko mbele na dereva, akanyoosha goti lake bovu, upepo wa dirisha ukampiga kifuani. Angeuliza, gari lingegeuka, na mzee angerudi kumbana. Hakuuliza. Aliona raha, na tangu jana raha ile inamsuta.

Docta alikuwa ameanza kusema habari za helikopta alipofika Noëlla, binti wa mzee, viatu vyekundu kwa vumbi.

— Ba papa, tunarudia kule sasa hivi. Chauffeur anasema mulisimama mara mbili, na pori ni kubwa. Wakati ya kurudia, nani alikuwa naikala pembeni ya papa? Ye njo atajua fasi alibakia, ku kijito ama ku kilima.

Avoka alichungulia kikombe chake. Docta akaomba kahawa nyingine. Mama Eugénie akainamisha birika, halikutoa kitu.

Katikati ya benchi palikuwa na pengo, mahali pa Papa Evariste miaka yote. Mguu wa Ghislain ulikuwa umenyooshwa hapo. Aliuona, akaurudisha chini polepole.

Noëlla akadhani anakaribishwa.

— Merci, papa, akasema, akakaa hapo, akingoja jibu.