Jezi ya Mwisho Katika Ukumbi wa Heshima

Ndugu waombolezaji, majirani, na wachezaji wenzangu wa zamani, watoto wetu walipendekeza kwamba historia hii isomwe na kaka yao mkubwa, ambaye macho yake bado yana nguvu, lakini mimi nimeishi na marehemu karibu miaka hamsini, na nimeona si vyema maisha yake yasomwe na mtu ambaye hakuwapo tulipoanza, kwa hiyo naomba mnivumilie pale nitakaposoma polepole.

Marehemu mke wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa kiwanda cha nguo, ambako king'ora cha zamu ndicho kilichokuwa saa ya familia. Alianza shule Januari 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, akapata cheti cha ushonaji mwaka 1968, na tarehe 3 Februari 1969 akaajiriwa katika kiwanda hichohicho, kwenye cherehani ya pili kutoka dirishani.

Mwaka 1971 kiwanda kiliunda timu ya mpira wa kikapu, naye akakabidhiwa jezi, kuzishona na kuzitia viraka kila baada ya mechi, na hapo ndipo alipotufahamu, mimi mpakiaji wa marobota niliyeitwa Winchi kwa urefu wangu, na mlinzi wetu uwanjani aliyeitwa Gundi, kwa sababu akikuganda humbandui. Tulifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, msimamizi wangu akiwa Gundi huyohuyo, tukajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1977, binti mwaka 1980, ambaye ndiye aliyerithi ufundi wa mama yake, na kitinda mimba mwaka 1984.

Ligi ilipofungua Ukumbi wa Heshima mwaka 1988, katika ile korido ndefu ya uwanja wa ndani, jezi za wachezaji waliostaafu zikitundikwa nyuma ya vioo na majina yao chini, marehemu aliteuliwa kuzishona jezi hizo, na pia kuingia katika kamati ya kuamua nani anastahili. Niseme hapa kwamba mimi sikupelekwa shule, na maneno ya kwanza niliyoyasoma bila kufundishwa na mtu ni majina yale ya koridoni, kwa kuwa wenyewe niliwajua, na kwa kuwa nilikuwa nikilitafuta langu.

Kamati ilikutana kila Novemba nyumbani kwetu, katika chumba chake cha kushonea, wajumbe wamekalia mafungu ya vitambaa na kuchomwa na pini, mwenyekiti wao akiwa fundi saa tunayemwona pale mbele. Walibishana hadi chai ikapoa, huyu akitaka vihesabiwe vikapu, yule akitaka vihesabiwe vikombe, na mwaka mmoja walikesha, nusura wagombane, juu ya kijana aliyecheza misimu miwili kabla goti halijamsaliti, mwamuzi mstaafu akishikilia kwamba misimu miwili ni uchumba, si ndoa, marehemu akamwambia, "Wewe umepuliza filimbi miaka ishirini, nani anakukumbuka?" na mwamuzi akacheka kuliko wote, na yule kijana akaingia.

Jina langu lilipendekezwa mara tatu, na mara zote tatu marehemu alilipinga, mbele yangu, nikiwa nimeshika birika. Hoja yake ilikuwa ya kifundi, kwamba jezi yangu ilimfikia ikiwa na jasho tu, wakati ya Gundi ilimfikia imechanika ubavuni na kujaa vumbi la sakafu, maana ndiye aliyejirusha chini kuifuata mipira ambayo sisi wengine tuliifunga. "Winchi amefunga sana, sikatai," alisema, "lakini mpira ukimfika umefika kwao, mwenziwe hapewi." Wajumbe nao wakawa wanamkatalia Gundi, wakisema asiyefunga hawezi kutundikwa pamoja na wafungaji, na hivyo sote wawili tukabaki nje. Binti yetu alimwuliza jikoni, "Mama, kwani baba amekukosea nini?" akajibiwa, "Hajanikosea, mwanangu, kama ni kumpenda nimempenda, kamati ni kitu kingine," kisha chakula akanipakulia mimi kwanza, kama siku zote. Nilikuwa nikinuna, nikasahau, halafu Novemba ikafika tena.

Mwezi Juni 2022 marehemu alipata kiharusi kilichoudhoofisha mkono wa kushoto, lakini aliendelea kushona, mimi nikimshikia kitambaa upande huo, na sijui kama tuliwahi kukaa karibu hivyo tangu ujana wetu. Tarehe 9 Agosti 2024 alilazwa kwa maradhi ya moyo, akiacha mezani jezi iliyokwisha kukatwa, akaagiza mtu asiiguse. Kamati ilimtembelea wodini, mwenyekiti akamtania, "Mama, korido imebakiza nafasi moja tu, si useme ndiyo, mzee wako apumue," naye akajibu kwa sauti ndogo, "Mwambieni avumilie, amezoea." Alifariki tarehe 21 Agosti, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika wangu.

Juzi kamati ilikuja msibani, ikanieleza kwa heshima kwamba nafasi ile ya mwisho sasa ni yangu, kwa kuwa hakuna tena wa kupinga, na kwamba ingekuwa njia ya kumuenzi. Mimi bado naamini nilistahili, na sitadanganya mbele ya jeneza lake. Lakini nimeitazama jezi ile mezani, mabega yake ni membamba, mimi siingii, na sote tunamjua mwenye mabega hayo, ameketi kule nyuma karibu na mlango, akidhani hatumwoni. Mwenyekiti, naomba sauti ya marehemu ihesabiwe, na yangu iwekwe juu yake, nafasi ile apewe Gundi, na binti yetu ataimalizia jezi kwa cherehani ya mama yake.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Tunawashukuru madaktari, na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule aliyemwachia mkasi wake mdogo chini ya mto, majirani mlioleta viti na kuni bila kuombwa, wenzake wa chumba cha kushona, na ninyi wachezaji mliobeba jeneza mkigombania kukaa mbele, kama ilivyokuwa tabia yenu uwanjani.

Pumzika kwa amani, mama watoto, safari hii mpira nimempa mwenzangu.