Aliyetufundisha Tukiutazama Ukuta

Ndugu waombolezaji, mimi Puseletso, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, 'Makhauhelo Lehana, nanyi mnivumilie nikisimama kidogo njiani.

Dada alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, kijijini Ha Rasekila, wilayani Quthing, akasoma shule ya misheni hapo hapo, akaendelea na chuo cha ualimu Maseru, na tarehe 4 Aprili 1981 akafunga ndoa na Ntate Sekhobe, aliyemtangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, Khauhelo na Molefi.

Mwaka 1996 alianza kutufundisha akina mama kusoma na kuandika, na siku alipofikia somo la ubakaji aliliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, akasema aliyewahi kutendewa anyooshe mkono, hakunyoosha mtu, na wiki iliyofuata hatukuja hata mmoja, alibaki yeye na chaki yake.

Hakukata tamaa, Krismasi ilipokaribia alituita tupake kuta za darasa kama tupakavyo za kwetu, kila mmoja uso ukutani, mikono kwenye udongo na samadi, akasema, "Mwenye neno aseme, asiye nalo apake, na atakayegeuka kumtazama mwenzake, maji yote atachota yeye!" Tukacheka, tukapaka, kisha mama mmoja akaanza kusema, na hakuna aliyegeuka. Tangu hapo tulipaka kila mwaka, waliotaka kwenda zahanati au polisi aliwasindikiza mwenyewe, wasiotaka hakuwasukuma.

Septemba 2022 aliugua kansa ya ini, akateseka sana, na siku mbili kabla ya kufariki aligeukia ukuta wa wodi, akaniambia, "Puseletso, usinitazame," nami nikatazama dirishani, akanieleza alichotendewa akiwa na miaka kumi na saba na mtu aliyeheshimika, jambo ambalo hata mumewe hakulijua. Alipomaliza akanigeukia, akasema, "Uwaambie na wenzako wa darasani, mdogo wangu, miaka yote ile nilikuwa napaka tu." Kisha akaomba uji, akaumaliza.

Alifariki tarehe 3 Juni 2023, alfajiri, na ingawa nimelia, moyo wangu ni mwepesi, kwa sababu hakuondoka na mzigo ule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, walimu wenzake, na akina mama wa darasa, ambao jana walipaka nyumba yake kimya kimya.

Pumzika, dada, umesema, nasi tumekusikia.