Uso Usioguswa kwa Penseli

Marehemu Pelagia Boke alizaliwa Butiama tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa tatu na wa mwisho wa mama yetu Selestina na marehemu baba. Alizaliwa albino, wa kwanza katika ukoo wetu, na majirani walisema hatamaliza mwaka. Alipoanza darasa la kwanza Nyegina, mama alicheka akasema dua la kuku halimpati mwewe.

Mwaka 1984 aliingia sekondari Bunda, akakaa Kabasa kwangu mimi kaka yake Renatus, mpiga picha, ninayesoma wasifu huu. Nilimpiga picha ya kitambulisho cha shule. Alipoiona alisema, "Kaka, nipunguzie weupe. Nimechoka kuonekanaga hivi." Nikaizidishia giza kwenye karatasi hadi akafanana na dada yetu Jeska. Alifurahi sana, nami nikafurahi, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Kila Januari nilimpiga nyingine, na nakala alitumiwa mama Nyegina, maana usafiri wetu mnaujua. Januari 1985 palikuwa na kipele chini ya sikio la kushoto. Nilidhani ni chunusi ya ujana, nikakipaka penseli kwenye negativu, ile filamu ya kusafishia picha, kikapotea pichani. Januari 1986 kilikuwa kidonda. Nikachukua penseli tena. Mama aliandika barua kumshukuru Mungu kwamba ngozi ya mtoto imetulia.

Wakati wa likizo marehemu alifanya kazi studio. Wasichana wa rika lake walikuja wakificha meno kwa kiganja na makovu kwa khanga, naye aliwaambia, "Inua uso. Hiyo ni yako." Sijui ni lini alianza kujiambia na yeye. Novemba 1986 alinikuta na penseli mkononi, nikiigusa tena negativu yake ya Januari, akaniuliza, "Ukinifutaga hivi, mama anamwombeaga nani?"



Desemba nilimpeleka Musoma mjini, daktari akauliza kidonda kilianza lini. Nikasema ni cha juzijuzi. Niliporudi nilishika negativu dirishani: alama ya penseli ya 1985 ilikuwa kama punje ya mtama, ya 1986 kama ya mahindi. Ilikuwa saratani ya ngozi. Alipelekwa Mwanza, akarudishwa nyumbani. Nilimweleza nilichokifanya. Akasema, "Basi nipige nyingine. Hii usiiguse." Akakunja kola, akageuza upande wa kushoto.

Hakujaliwa kuolewa. Alifariki Nyegina tarehe 9 Septemba 1987, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka kumi na minane.

Jana mama aliniomba nikifute kidonda kwenye picha hii iliyo juu ya jeneza. Nimekataa. Mama, unisamehe kwa hili, na kwa zile picha mbili.

Ameacha mama mzazi, dada yake Jeska, na mimi. Bwana, mpokee kama ulivyomuumba. Apumzike kwa amani.