Mistari Mitano ya Kiema

Kijiwe cha Mumbuni ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa karakana ya Kiema, na ubishi wake huanza kabla kahawa anayouza Shaaban haijachemka. Asubuhi hiyo Kiema, fundi wa seng'enge, alikuwa amekunjua ramani juu ya benchi, na birika la Shaaban likawekwa katikati ili isipeperuke. Kampuni ya madini ilitaka azungushe ua wa kilomita nne ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo jamii mbili zilikuwa zikipigana mwaka wa tatu sasa. Kazi hiyo ingewashughulisha mafundi wake wanane mwaka mzima. Bila hiyo karakana ingefungwa kabla ya Krismasi. Kiema alikuwa amejaza fomu yote isipokuwa ukurasa mmoja. Ulisema: "Eleza jinsi utakavyoheshimu haki za binadamu." Chini yake palikuwa na mistari mitano mitupu, na mwisho wa kutuma fomu ulikuwa saa sita mchana.

— Mistari mitano ni mingi, akasema Ndolo, karani mstaafu wa chifu, ambaye kijiwe kizima kilimwita Waziri. Andika tu, "Tutaheshimu kabisa." Halafu piga muhuri.

— Sina muhuri ya haki, Mzee Ndolo. Niko na ya karakana.

— Hiyo inatosha. Mimi nimepigia watu muhuri miaka thelathini na hakuna mtu alirudi kulalamika.

— Wangerudi saa ngapi? akauliza Shaaban akimimina kahawa. Ofisi yako ilikuwa inafungwa saa nne.

Jamal, muuza bima, aliyeitwa Bima bila ubunifu wowote, akasogea.

— Hii kitu ni rahisi. Hao watu wanapigana, si ndiyo? Ajiri walinzi nusu huku, nusu huku. Hapo hakuna mtu atasema unapendelea.

— Na wakianza kupigana wao kwa wao?

— Watakuwa kazini, Kiema. Mtu akiwa kazini hapigani. Anangoja saa ya kutoka.

Kiema akaandika kwa penseli, "Walinzi nusu nusu." Akayasoma maneno hayo, akayafuta.

— Weka bango, akasema Waziri. "Ua Huu Hauna Upande." Kwa lugha zote mbili.

— Risasi haisomi, Mzee.

— Ndio maana unaandika na herufi kubwa.

— Ama hiyo fensi iwe ya magurudumu, akasema Bima. Upande mmoja wakilalamika, mnaisukuma.

— Kilomita nne?

— Pole pole.

— Mimi naona kila nguzo ipewe wakili wake, akasema Waziri.

Kiema akapiga hesabu. Nguzo zilikuwa elfu moja na mia tatu, na Machakos nzima haina mawakili hao. Alicheka pamoja nao, huku akitazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu, na mistari bado mitano.

Hapo ndipo Syombua alipofika, mama kutoka Kathiani mwenye kikapu mkononi.

— Habari zenu. Kiema, nimefuata waya ya kuku.

— Karibu, mwaitu, mama yetu. Ngoja kidogo, tuko kwa haki za binadamu.

Syombua alitaka kuketi. Akaliinua birika ili apate nafasi, na chini yake pakatokea duara la kahawa, na ndani ya duara alama ndogo ya buluu.

— Hii ni nini?

— Ni kisima, akasema Kiema. Alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza. Mstari wa ua ulikuwa umekizunguka kabisa.

— Wewe ulipokuja kuzungushia boma yangu, akasema Syombua, kabla utoe hata futi ya kupimia kwa mfuko, uliniuliza majirani hupitia wapi wakienda mtoni. Ukakataa kuchimba shimo hata moja mpaka niite majirani, kina Nzilani, wakuonyeshe njia. Aki nilikasirika siku hiyo.

— Nakumbuka.

— Sasa hawa watachota maji wapi?

Waziri akachungulia kikombe chake. Bima akaomba aongezwe kahawa, na Shaaban akalitikisa birika, likawa tupu.

Kiema aliona haya, na haya zenyewe zilikuwa nzito. Kwa miaka ishirini hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwenye kila boma. Kazi hii ilimjia kwa karatasi, hapakuwa na mtu aliyesimama langoni wa kumuuliza, naye akasahau kwamba watu walikuwepo.

Simu ikalia. Ilikuwa kampuni.

— Fundi, umemaliza ule ukurasa?

— Bado. Kuna kisima ndani ya ua. Hao watu watachota maji wapi?

Mtu wa kampuni akapekua karatasi.

— Watu gani?

Kiema akachukua kalamu ya wino. Kwenye mstari wa kwanza akaandika, polepole, "Watu wa kisima waulizwe kwanza." Ile minne akaiacha mitupu.

— Nimejaza, akasema. Mpaka waulizwe, mimi sichimbi shimo. Akakata simu.

Ndani ya karakana mafundi wanane walikuwa wakiendelea kukata vyuma vya nguzo, na Kiema akainuka kwenda kuwaambia kwamba huenda kazi isije.