Trekta Lililozimwa kwa Salamu

Benchi la Mzee Lukumani liko barabara ya zamani ya misafara pale Tabora, ile iliyokuwa ikipeleka wapagazi kaskazini hadi ziwani. Ni la mninga, limelainishwa na makalio kuliko randa. Wa kila siku ni watatu. Lukumani mwenyewe, mshona kofia, wanamwita Jaji kwa sababu hakuna jambo la mtaa linalopita kwake likakosa hukumu. Nassibu, fundi baiskeli, ni Injinia, jina alilojipa mwenyewe na watu wakachoka kumbishia. Mfaume ni Redio, maana hana pa kupunguzia sauti. Kahawa anauza Kashindye, ambaye husikia yote na hasemi kitu. Asubuhi hiyo ya Novemba, mwaka wa sabini na nne, mawingu yakiwa yameanza kushuka, mbele ya benchi palisimama trekta dogo jekundu, kimya, na ubavuni mwake binti wa miaka ishirini na kitu, Koleta, mikono nyuma kwa adabu.

Kilichotokea, Jaji alikijua kuliko wote. Binti alikuwa akipita zake, trekta linanguruma vizuri tu. Alipofika usawa wa benchi akainua mkono. Jaji akaona mkono hautoshi. Wazee hawaamkiwi na mtu aliyekaa juu, tena huku mashine ikipiga kelele. Akamwonyesha kwa kidole: zima, shuka, usalimie watu. Binti alisita. Akalitazama trekta, akazitazama mvi za Jaji, akazima. Akashuka na kupiga goti.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Umelelewa wewe.

Aliporudi juu na kuzungusha ufunguo, trekta likasema "ta", basi.

— Unalipeleka wapi? aliuliza Redio.

— Kijijini kwetu, njia ya Bukene. Kijiji cha ujamaa. Kesho tunaanza kulima shamba la pamoja. Ndugu Masolwa, mwenyekiti wetu, amesema nikilifikisha leo mwenyewe, linatembea, ufunguo ni wangu. Likifika limevutwa na lori, anapewa Shilinde, mpwa wake. Wanasema mwanamke na trekta ni wapi na wapi.

Jaji aliposikia hayo, aliweka kikombe chini.

— Hilo ni hewa, alisema Injinia bila kuinuka. Hewa imeingia kwenye mafuta.

Koleta akafungua mdomo.

— Hewa gani, alidakia Redio. Jana usiku kulikuwa na baridi. Chuma kigeni kikipigwa na baridi ya Tabora kinapata mafua.

— Mafua ya Novemba?

— Kwani mafua yana mwezi?

Koleta akafunga mdomo. Wazee wanapozungumza hawakatizwi, hilo alifundishwa kabla hajafundishwa gia.

— Basi sikiliza, bwana, alisema Redio akisogea mbele. Hapa tulipokaa palikuwa pa kutulia mizigo. Babu yangu alibeba pembe njia hii hii, bega hili hapa likaota sugu kama kisigino. Hakuna mpagazi aliyepita hapa asitue na kulala. Ardhi imezoea. Kitu chenye mzigo kikisimama hapa, ardhi inakilaza.

— Mbona gari la taka lilisimama hapa jana likaondoka?

— Taka si mzigo. Ardhi inajua.

Injinia alitafakari, akaona asishindwe mbele ya mgeni.

— Mimi nakwambia tatizo ni siasa. Chuma hiki kimetengenezwa na mabepari. Huko kwao kila trekta lina bwana mmoja. Sasa hili limefika hapa, linaambiwa mabwana wako ni kaya mia tatu. Unafikiri halishtuki? Halijui limsikilize nani.

— Lisomewe Azimio, basi.

— Lote?

— Hata ile sehemu ya kujitegemea tu. Likisikia kujitegemea, litawaka lenyewe.

Binti alicheka kidogo kwa heshima, kisha akatazama juu. Wingu lilikuwa limefunika jua. Jaji aliliona jicho lile likipanda na kushuka. Alikuwa amehesabu: mara nne amefungua mdomo, mara nne wamemfunga. Na hajanuna. Binti aliinama akagusa waya za betri, akajaribu gia kama iko huru, akapapasa mpini wa kukatia mafuta kama umerudi ndani, kila kitu kwa zamu yake, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Jaji ameshona kofia miaka arobaini, na mkono unaojua kazi haumpotei. Moyo wake ukamwuma.

— Nyamazeni, alisema. Binti, wewe unasemaje?

— Betri imechoka, babu. Mafundi wa karakana waliniambia, likishawaka nisilizime mpaka nifike.

— Sasa ulizima kwa nini? aliuliza Redio, sauti yake ikafika hadi sokoni.

Koleta alitazama vidole vya miguu yake.

— Niliambiwa nizime.

Hakumtaja mtu. Lakini Injinia alimtazama Jaji, Redio akamtazama Jaji, na Kashindye, asiyesema kitu, akaacha kumimina. Jaji angependa binti amlaumu, ingekuwa rahisi zaidi.

— Ni mimi, alisema. Mwanangu, nimekukosea. Ulijua halitawaka, na ukazima?

— Ningewapitaje, babu?

Jaji alivua kofia, akaiweka juu ya benchi.

— Linahitaji nini?

— Kusukumwa tu, mpaka pale mteremko unapoanzia. Naweka gia ya tatu, nakanyaga klachi. Nikipiga kelele "sasa", mnasukuma kwa nguvu zote, mimi naachia. Halafu mkae pembeni, wazee wangu, tafadhali.

Benchi lile lilikuwa halijawahi kubaki tupu saa za kahawa. Jaji alishika tairi la kushoto, Injinia la kulia, Redio na Kashindye wakasukuma kwa nyuma. Mara ya kwanza lilisogea hatua mbili na viatu vya Redio vikabaki nyuma. Mara ya pili lilikubali. Koleta akapaza sauti, trekta likaruka, likakohoa, moshi mweusi ukawafunika wote wanne, na ule mngurumo ukarudi. Hakulisimamisha. Aligeuka, akainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, midomo ikitamka maneno yasiyosikika.

— Marahaba, alisema Jaji. Nenda, mwanangu. Usizime.

Walirudi kwenye benchi wakihema. Hakuna aliyetaja hewa wala wapagazi.

— Umeiona mikono ile? alisema Injinia. Mimi sina mikono ile, na nasema mwenyewe.

— Kijiji kikimnyima ufunguo, alisema Redio, hakina macho.

Jaji alikuwa anatabasamu peke yake, masizi usoni, kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu amwoze bintiye wa mwisho.

Ndipo akafika Modest, karani wa reli, kunywa kikombe chake kabla ya zamu. Redio akamsimulia yote, na katika kusimulia mteremko ukawa mlima. Modest alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa yake.

— Sasa kutoka hapa mpaka huko kwao, aliuliza, wazee wengine wa kwenye mabenchi hawapo?

Injinia alikuwa ameshainuka kuifuata baiskeli yake ukutani, na Jaji alikuwa anakunja kanzu magotini ili akae kwenye keria, walifuate trekta.